Faili za Muda na Lori la Kesho

Mwanangu Paskalina,

Salamu hizi hazijasafiri. Nimekaa stoo, umbali wa kuita na kuitikiwa kutoka jikoni kwa mama yako, na ukirudi kutoka mazoezi ya kwaya utaikuta barua hii juu ya kitanda chako. Sikuulizi hali, maana mchana tulikuwa meza moja na nilikuona ukila vizuri tu mpaka ulipotamka yale maneno. "Baba, mimi kesho siendi chuo. Nitasubiri mavuno yaishe." Mama yako akaweka mwiko chini. Mimi nikanyamaza, nawe ukadhani nimekubali.

Sikukubali. Nilinyamaza kwa sababu nikianza kusema nakasirika, na nikikasirika naharibu, jambo ambalo unalijua kuliko mtu yeyote wa shamba hili la ngano. Ndiyo maana naandika. Naandika kwa mkono, maana leo Jumapili jenereta imezimwa na kompyuta imelala chini ya kile kitambaa alichoifumia mama yako, utadhani ni redio ya mchungaji.

Mambo ya sweta, ya kusali kabla ya kulala na ya kutoazimisha nguo zako, mama yako atakuambia, kisha atarudia. Mimi nina jambo moja tu. Ila ili nilifikie inabidi nipite kwenye uchafu wa hii mashine, kwa kuwa ni hapo nilipokufahamu wewe ni mtu wa namna gani.

Ulikuwa bado shule wakati wataalamu wa kigeni walipofungasha vitu vyao na kutuachia kompyuta moja, hii ya stoo ya vipuri. Mimi ndiye mtunza stoo, kwa hiyo nikafundishwa siku chache, nikapewa kiti cha kuzunguka, nikawa mkubwa. Kila beringi, kila mkanda wa kombaini ya kuvunia, kila nati ya trekta ilikuwa na namba yake ndani ya ile mashine, na namba ya rafu ilipolala. Kadi za zamani zililiwa na mchwa, hakuna aliyezililia. Nilikuwa nikibonyeza mara mbili tatu, skrini inaniambia nenda rafu fulani, chini, kushoto. Mafundi wa karakana walikuwa wakinitazama kama padri.

Kitu ambacho sikukielewa ni kwamba ile programu ya stoo, ikiwa kazini, inajiandikia vitu vyake pembeni. Inapopanga orodha, inanakili kwanza kwenye faili ya muda, halafu ikimaliza na ukiifunga vizuri inaifuta yenyewe. Lakini kuifunga vizuri nani angeweza? Safari wa jenereta alikuwa anazima umeme saa kumi na mbili jioni bila kumuuliza mtu, hata kama askofu angekuwa anasoma. Skrini inakuwa nyeusi, programu inakufa katikati ya kazi, na vile vijifaili vyake vinabaki ndani bila mwenyewe. Kila siku vichache. Msimu kwa msimu vikajaa.

Nilikuwa naviona, Paskalina. Nilikuwa navisoma majina yake ya ajabu, namba na herufi zisizo na maana, na nikaviacha. Unajua nilikotoka. Kule kwetu Masieda, nyumbani kwa bibi yako, hakuna kinachotupwa. Samadi inakwenda shambani, makapi yanakandikwa ukutani pamoja na udongo, majivu yanahifadhi maharage. Mtoto akitupa kitu, bibi anamuuliza, "Umejua kazi yake mpaka ukakitupa?" Nimekua na swali hilo. Kwa hiyo mimi, mtu wa milimani, nikaifanya diski kuwa dari ya nyumba ya mama yangu, pa kurundika kila kitu. Nilikuwa hata najisifu. Akiba haiozi, nikimwambia meneja, naye kwa kuwa hakujua kompyuta kuliko mimi, alitikisa kichwa na kwenda zake.

Mashine ikaanza kuwa nzito. Kitu nilichokuwa nakipata kabla ya fundi kuvua kofia, sasa tulikaa tukakingoja, tukaulizana habari za nyumbani, tukamaliza, na bado. Kisha yakaanza kutokea maandishi kwamba nafasi hakuna. Nikayafunga, nikaendelea.

Yaliyotokea mavuno ya mwaka jana uliyaona mwisho wake tu, mwanzo sijakusimulia. Ulikuwa umemaliza kidato cha sita, nimekuingiza stoo kama kibarua wa kuandika vibandiko vya rafu, na siku ile ulikuwa nyuma kabisa kwenye matairi. Tulikuwa tumechelewa kupanda, mavuno yakasogea mpaka mvua za vuli zikaanza kunukia. Kombaini ikakata beringi kule shamba la mwisho. Fundi Yohana akaja mbio, nami nikaifungua programu ipange orodha, ikaniambia nafasi hakuna. Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema mbele ya Yohana, "Mzee, hiyo takataka yako itatulaza njaa. Futa!"

Nikashikwa na hasira. Kama ningekuwa na akili ningeifunga programu kwanza. Mimi nikatoka nje yake kwa muda bila kuifunga, nikaenda moja kwa moja penye faili za muda, nikafuta zote. Zote, mwanangu. Za miaka ile na za dakika ile. Mtu aliyekuwa hataki kutupa hata ganda la haragwe akatupa kila kitu kwa mpigo mmoja, na kati ya vilivyokwenda kulikuwa na ile faili ambayo programu ilikuwa inaandikia orodha yetu wakati huohuo. Niliporudi ndani, orodha ilikuwa imekatika kwenye herufi ya pili. Vipuri vya stoo nzima, na mashine haijui hata kimoja kilipo. Hasira hasara, wahenga hawakukosea, ila hawakusema hasara yenyewe huwa ya watu wangapi.

Tulitafuta ile beringi rafu kwa rafu. Mlima Hanang ulikuwa umejifunika wingu tangu asubuhi, na Yohana alikuwa akichungulia nje kila baada ya sanduku moja. Nilitamani anitukane.

Hapo ndipo ulipotoka kwenye matairi, umejaa vumbi jeusi mpaka kwenye nyusi. Ukamsalimia meneja shikamoo, ukamsalimia Yohana shikamoo, kisha ukaniuliza, "Baba, umeizima?" Nikasema bado. Ukasema, "Basi tusiiguse kwanza." Ukaenda nyumbani, ukarudi na lile kopo la maziwa ya unga la mama yako. Ndani yake kulikuwa na flopi, zile diski ndogo za kuwekea nakala, zimefungwa kwenye kitambaa zisipate vumbi la ngano. Kila Jumamosi mimi nilipokwenda kunywa chai, wewe ulikuwa unanakili orodha ya stoo. Sikukuagiza. Hakuna aliyekuagiza.

Orodha ikarudi kama ilivyokuwa Jumamosi. Yaliyoingia na kutoka wiki ile ukayaandika upya kutoka kwenye vocha, moja moja, huku nakusomea. Beringi tukaipata. Kombaini ikatembea, lakini mvua iliwahi nusu ya lile shamba la mwisho, ngano ikachipua kwenye masuke, na wewe na mimi tulikwenda kuiangalia. Ilikuwa kijani kibichi, imependeza, haifai kitu. Nilisimama pale nikangoja uniambie. Mimi ningekuwa wewe ningesema: nilijua, ningekuambia kama ungeuliza. Wewe ulisema, "Baba, turudi, viatu vyako vinaingiza maji."

Nakusifu kwa hilo kuliko kwa zile flopi. Flopi ni akili, na akili watu wengi wanayo. Kumwona mzazi wako amekosea mbele ya watu, ukajali viatu vyake tu, hiyo sijui umeirithi wapi. Mtoto wa nyoka ni nyoka, wanasema, lakini wewe nyoka huyu hukumfuata.

Ule mwaka ukaacha kwenda chuo. Ukasema baba peke yake hataweza. Nami nikakubali upesi mno, aibu ilikuwa bado mbichi.

Siku chache baadaye tulikuwa kwenye mabua ya shamba la kwanza, lililovunwa mapema, tukiokota vyuma vilivyodondoka. Akaja Gidamis, jirani yetu wa upande wa Gendabi, na ng'ombe wake wamesimama nyuma yake kwenye mstari kama wanafunzi. Unakumbuka ulivyomsalimia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mtoto wa Masieda. Mashine imetoka?"

"Imetoka."

"Lori la nafaka?"

"Limebeba, limekwenda."

"Na wale akina mama wanaookota masuke?"

Ukamwambia wapo bado, kule kwenye kona. Akakaa chini. Akamwagiza kijana wake awarudishe ng'ombe nyuma kidogo. Mimi nikamtania, nikamwambia, "Gidamis, wewe siku hizi unaogopa wanawake? Majani si unayaona?"

Akacheka. "Majani naona. Lakini nikiingiza ng'ombe mtu bado anavuna, ng'ombe watakula chakula chake, halafu tutagombana mpaka tuzeeke. Mwenyewe akitoka, yanayobaki ni yangu. Mimi nina haraka gani? Haya yote yalikuwa malisho ya baba yangu kabla ya hiyo ngano yenu. Nimengoja hiyo, nitashindwa kungoja akina mama?"

Kwa hilo la mwisho nikainama kuokota chuma kingine. Wewe ulikuwa umetulia unamtazama, nami nikadhani unamhurumia. Kesho yake asubuhi, umeme umewaka tu, kabla sijabonyeza chochote, ukaniambia, "Baba, tusafishe sasa, mwenyewe akiwa hajaingia." Nikauliza mwenyewe gani. Ukasema, "Programu. Ikiwa haijafunguliwa, hakuna faili hata moja inayotumika. Tutaangalia tarehe. Za leo na jana tuziache, huenda zina kazi. Za zamani zitoke. Na yoyote tusiyoijua jina tuinakili kwenye flopi kwanza, ingoje mpaka tuhesabu stoo. Kama hakuna aliyeiulizia, basi."

Nilichoka, Paskalina. Mimi maisha yangu yote nilikuwa na njia mbili, kuweka kila kitu au kutupa kila kitu, na kati ya hizo mbili sikuwahi kuona kama kuna pa kukanyaga. Na wewe uliipata kwa mtu mwenye ng'ombe, kwa sababu ulikuwa unasikiliza wakati baba yako anatafuta mzaha.

Halafu ukaenda kwa Safari. Hilo ndilo linalonichekesha mpaka leo. Mimi nilikuwa nimegombana na Safari tangu wewe unavaa sare ya msingi. Nimempigia kelele, nimemshtaki kwa meneja, nimekataa kukaa naye benchi moja kanisani. Wewe ulikwenda na kibuyu cha maziwa, ukamwambia shikamoo, ukamwomba awe anagonga kile chuma cha karakana kabla hajazima ili tufunge programu. Akasema, "Ni hilo tu? Mbona baba yako hakuniambia?" Nilikuwa nimemwambia, lakini kwa namna ambayo hata mimi nisingesikia. Tangu siku ile anagonga, na faili za muda zinazobaki usiku ni chache mpaka zinahesabika kwa vidole.

Na ulinifundisha. Watu wanadhani kazi unaifanya wewe na mimi nakaa kwenye kiti cha kuzunguka. Hawajui kwamba kila asubuhi ulikuwa unaikalia mikono yako, kabisa, unaiweka chini ya mapaja ili usinisaidie. Nilikuwa napapasa ile kibodi nikitafuta herufi kama kuku anayechakura, nawe unauma mdomo. Nikikosea unauliza, "Umeangalia tarehe?" Basi. Walimu wangu wa shule walikuwa na fimbo na hawakunifikisha mbali hivyo.

Sasa nafika pale nilipotaka.

Wiki tatu zilizopita ulikwenda Masieda kumuaga bibi. Jioni moja jenereta ilikatika yenyewe, haikuzimwa, mkanda wake ulipasuka, Safari hakupata nafasi ya kugonga chochote. Programu ilikuwa wazi, nilikuwa katikati ya kupanga orodha. Asubuhi umeme uliporudi, Yohana alikuwa mlangoni kabla yangu, kombaini mbili zimesimama. Nikamwambia Yohana asubiri. Akaniuliza, "Paskalina yuko wapi?" Nikamwambia yuko Masieda. Akakunja uso, nami nikauona.

Sikuifungua programu. Nikaenda penye faili za muda nikakuta rundo, maana ilipokufa ilikuwa na kazi nyingi. Nikaangalia tarehe. Za zamani nikazitoa moja moja. Za jana nikaziacha. Kulikuwa na moja kubwa, jina lake sijawahi kuliona, ya tarehe ya zamani, na kidole changu kilikuwa juu yake, na Yohana anapumua nyuma ya sikio langu. Nikaweka flopi, nikainakili, nikaisogeza. Ndipo nikafungua orodha. Ilikuwa nzima. Nikalinganisha na vocha za siku iliyotangulia, kilichopungua nikakiandika. Nikamwambia Yohana kipuri chake kiko rafu ipi, chini, kulia. Akaenda, akakipata. Aliporudi alisema tu, "Asante, mzee," akaondoka zake, kana kwamba ni kitu cha kawaida. Nilitaka kumwita nimwambie arudi ashangae kidogo.

Uliporudi kutoka Masieda uliniuliza mambo yalikwendaje. Nikajibu salama. Sikukuambia, na wiki tatu hizi bado sijakuambia. Najua kwa nini. Kila asubuhi ukikaa pale kwenye debe lako karibu yangu, tumefunga mlango, vumbi halijaanza, mimi napapasa kibodi na wewe umekalia mikono, hapo ndipo ninapofurahi kuliko saa nyingine yoyote ya siku. Niliogopa ukijua naweza, debe litabaki tupu. Nimekuwa najikosesha makusudi, mwanangu. Wiki iliyopita ulipouliza kama nimeangalia tarehe, nilikuwa nimeshaiangalia.

Sasa umesema huendi, na sababu yenyewe ni mimi. Mwaka jana ulikuwa na haki, nilikuwa siwezi. Mwaka huu si kweli. Chuo kimekungoja mara moja, na mkuu wao amesema mara ya pili nafasi yako atapewa mwingine. Na hili shamba unayasikia maneno yake, mara litauzwa, mara litagawanywa. Linaweza kufungwa kabla ya hii kompyuta kuchakaa. Siwezi kukubali ubaki kulinda stoo ambayo huenda mwakani hata mimi sina ufunguo wake, ukiwa na akili ambayo Arusha kuna watu wanaitafuta.

Kwa hiyo nisikilize, maana neno hili sitaweza kulisema kwa mdomo. Kazini sikuhitaji tena. Nimeandika, na nimelisoma tena kuona kama ni kweli, ni kweli. Orodha itapangwa, diski itasafishwa, Yohana atapata beringi zake. Nyumbani nitakukosa sana. Nitakukosa asubuhi kuliko saa zote, na hilo hakuna chuo kitakachoniponya, lakini ni langu, nitalibeba mwenyewe.

Lori la ngano linaondoka kesho alfajiri. Nimeshaongea na dereva, kabla ya kukaa kuandika. Nimemwambia binti yangu anakwenda Arusha, amwekee kiti cha mbele, na begi lake atalikuta mlangoni. Nimeapa mbele yake. Usinifanye mwongo.

Baba yako